Sentensi Moja ya Mibirizi

Kuna sentensi moja kuhusu kwetu inayozunguka dunia. Utaikuta kwenye mifuko ya kahawa inayouzwa Ulaya na Marekani, kwenye vijitabu vya watalii, na mtandaoni kila mahali panapotajwa kahawa ya Rwanda: kwamba kahawa iliingia nchini mwaka 1904, ikaletwa na wamisionari wa Kijerumani, na mibuni ya kwanza ikapandwa Mibirizi. Ni fupi, imekaa vizuri mdomoni, na kila anayeipata humpa mwenzake. Mimi kila ninapoombwa kuhakiki makala inayoibeba, huisimamisha mlangoni na kuihoji.

Nilikuwa mwalimu wa historia hadi nilipostaafu. Nimezaliwa upande huu wa Rusizi, ilipo Mibirizi, upande ambao wazazi wetu waliuita Cyangugu na babu zao wakauita Kinyaga. Kiswahili nilikipata kama wengi wa huku wanavyokipata, sokoni Kamembe na ng'ambo ya mto, Bukavu, kabla sijakisoma vitabuni. Bunge letu lilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, sisi tulikuwa tumeshakitumia miaka mingi kuuziana samaki na vitenge. Sasa hivi, jioni nyingi, nafanya kazi isiyo na mshahara: nasoma makala za kamusi elezo huru, yaani Wikipedia, nikizipima kama zinastahili kuaminiwa.

Turudi kwenye ile sentensi, maana ndani yake mna kazi nzima ya uhakiki.

Swali la kwanza ni mwaka. Misheni ya Mibirizi ilifunguliwa Desemba 1903. Ilikuwa miongoni mwa misheni tano za kwanza za Wakatoliki nchini: Save ilitangulia Februari 1900, Zaza ikafuata mwaka uleule, Nyundo 1901, kisha Rwaza na Mibirizi mwishoni mwa 1903. Sasa, wapo wanaoandika kwamba kahawa ilifika Mibirizi 1903. Anayeandika hivyo anadai kwamba mapadri walifika, wakajenga vibanda vya miti na nyasi, na wakapanda kahawa, yote ndani ya wiki chache za mwisho wa mwaka. Wengine huandika 1904, wengine 1905. Wataalamu wa mbegu, kwa upande wao, hueleza kwamba aina ya kahawa iitwayo Mibirizi ilitoka Guatemala na kufika kwenye misheni hii mwaka 1910, ikasambaa kwa wakulima, na katika miaka ya 1930 ikavuka kwenda Kivu upande wa Kongo. Huenda habari hizi hazipingani hata kidogo, kwa sababu miche ya namna moja inaweza kuja mwaka huu na ya namna nyingine ikaja miaka sita baadaye. Lakini mhariri haruhusiwi kuzishona pamoja kwa uzi wake mwenyewe. Lazima aonyeshe nani alisema nini, kwenye kitabu gani, ukurasa wa ngapi.

Swali la pili ni hao "wamisionari wa Kijerumani". Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, hilo halina ubishi, na ilibaki hivyo hadi Wabelgiji walipoingia mwaka 1916. Lakini waliofungua Mibirizi walikuwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, Mfaransa. Ndani yake mlikuwa na Wafaransa, Waholanzi, Wajerumani, watu wa Alsace na wengineo, na askofu aliyewatuma Rwanda, Jean-Joseph Hirth, alizaliwa Alsace. Kuwaita "wamisionari wa Kijerumani" ni kuchanganya bendera ya koloni na watu waliokuwa chini yake. Msomaji wa Nairobi hatakosa usingizi kwa hilo. Lakini mwanafunzi wa Rusizi anayeandika insha atalibeba kosa hilo hadi chuo kikuu.

Swali la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote: sentensi hii imetoka wapi? Nikifuata tanbihi, mara nyingi naishia kwenye tovuti ya mchoma kahawa wa nchi za mbali. Nikimfuata huyo, nakuta amesoma kwenye kamusi elezo. Kamusi inamtaja mfanyabiashara, mfanyabiashara ameinakili kamusi, na katikati hakuna aliyefungua kitabu wala waraka wowote. Habari ya namna hiyo inaweza kuwa kweli. Lakini haijathibitishwa, na mhakiki anayeipitisha ametia muhuri kwenye hewa.

Desturi ya kutia muhuri maandishi haikuanza na kompyuta. Mapadri wa Mibirizi wenyewe waliishi ndani yake. Katekisimu au kitabu cha sala hakikuchapwa bila kibali cha askofu, na kibali hicho kiliandikwa kurasa za mwanzo ili kila mtu akione. Lavigerie aliamuru pia kila kituo kiwe na shajara, iandikwe siku kwa siku: nani amefika, nani amekufa, mvua, njaa, ugomvi na mtawala wa eneo, mbegu zilizopandwa. Vituo vilikuwa na wamisionari wasiopungua watatu, hivyo anayeandika alijua wenzake wawili wataweza kusoma. Shajara hizo ndizo mwanahistoria huziendea kwanza anapotaka kujua nini kilipandwa wapi, na hifadhi kuu ya shirika iko Roma.

Upande wa Kiswahili, muhuri ulikuja kwa njia ya serikali. Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa makoloni ya Afrika Mashariki: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, yule wa kamusi za mwaka 1939. Moja ya kazi za Kamati ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha ile iliyoona inafaa. Mwandishi alipeleka kazi yake, wasomaji wakaikagua tahajia na sarufi, wakaipitisha au wakairudisha. Mwanzoni wajumbe wote walikuwa Wazungu. Waliamua Kiswahili kipi ni sanifu na kipi si sanifu, na wenye lugha wakaletewa uamuzi. Ilifanya kazi kubwa, siikatai. Bila usanifishaji ule nisingeandika makala hii ikasomeka Mombasa na Bujumbura. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo alikuwa nao mtu ambaye lugha si ya mama yake. Baada ya uhuru, Kamati iliingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967. Hadi leo BAKITA hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya kiada.

Kwa hiyo, Wikipedia ilipozinduliwa tarehe 15 Januari 2001, ilivunja jambo la zamani sana. Hakukuwa na askofu wala kamati. Yeyote aliandika, yeyote alifuta. Swali la ubora lilijitokeza mapema mno, na jibu la kwanza lilikuwa rahisi kupita kiasi: ulianzishwa ukurasa wa kuorodhesha makala zenye nathari ya kupendeza, na mtu aliyeipenda makala aliiongeza. Hapakuwa na vigezo. Mwaka 2004 orodha ile ilichambuliwa upya, makala nyingi zikaondolewa, na ukaanza utaratibu wa makala bora, zile zenye nyota ndogo ya shaba pembeni. Februari mwaka huohuo, Wikipedia ya Kiingereza ikaanza kuweka moja kila siku kwenye ukurasa wa mwanzo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu aliyeifanyia kazi makala anaiteua. Anaifungulia ukurasa wa majadiliano, na wahakiki, wote wa kujitolea, wanakuja mmoja mmoja. Mmoja anasoma lugha tu: sentensi hii ni ndefu, neno hili limerudiwa. Mwingine anafungua vyanzo, kimoja baada ya kingine, kuona kama kweli vinasema kile makala inachosema. Mwingine anakagua picha: nani alipiga, leseni ni ipi. Wanaandika "naunga mkono" au "napinga" na sababu zao, na mteuzi anajibu kila hoja au anarekebisha. Jambo hili linaweza kuchukua wiki nyingi. Mwishoni mratibu hupima uzito wa hoja, wala hahesabu kura. Oktoba 2005 iliongezwa ngazi ya chini yake, makala nzuri, ambayo huhakikiwa na mtu mmoja kwa vigezo sita: iandikwe vizuri, ithibitike, iguse mambo yote makuu, isiegemee upande, isiwe inabadilikabadilika kwa ugomvi, na iwe na picha panapowezekana.

Mwaka huo wa 2005 ulikuwa wa misukosuko, na ndio uliozifanya tanbihi ziwe sheria. Iligundulika kwamba makala kuhusu mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ilikuwa imebeba uzushi mzito kwa miezi, ikimhusisha na mauaji ya akina Kennedy, na hakuna aliyeuona. Desemba jarida la Nature likatoa matokeo ya kulinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia na zile za Britannica: wataalamu walikuta wastani wa makosa manne hivi kwa makala upande mmoja, na matatu hivi upande wa pili. Wengi walisherehekea kwamba tofauti ni ndogo. Wahakiki walisoma matokeo yaleyale wakaona kitu kingine: kila upande ulikuwa na makosa, na dawa ni chanzo kinachoonekana, kando ya sentensi. Makala zilizokuwa na nyota tangu zamani bila tanbihi zilirudishwa kwenye meza na nyingi zikavuliwa. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika desturi hii. Kibali cha askofu kikishachapwa kimechapwa. Nyota ya shaba inaweza kuondolewa kesho asubuhi na mtu aliyesoma vizuri kuliko wewe.

Nchi yetu ina sehemu yake katika historia hii, na ni kahawa iliyoileta. Makala ya Kiingereza kuhusu kahawa ya Maraba, kule kusini karibu na Huye, iliwahi kupewa hadhi ya makala bora. Ukiisoma unaelewa kwa nini. Chama cha ushirika, Abahuzamugambi, kina mwaka wa kuanzishwa, 1999. Msaada kina jina: mradi wa PEARL, uliofadhiliwa na Marekani na kushirikisha vyuo vikuu. Wanunuzi wanatajwa: kampuni ya Louisiana mwaka 2002, kisha mchoma kahawa wa Uingereza, na kahawa ikaingia kwenye rafu za Sainsbury's mwaka 2003. Kila kitu kina mahali pa kukishika. Wahakiki walihoji, mwandishi akajibu, na kilichobaki ni hadithi ya wakulima wa mlima mmoja wa Rwanda iliyosomwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha Huye kwenye ramani.

Mibirizi haijapata makala kama hiyo, ingawa jina lake liko kwenye mbegu yenyewe. Sababu si uvivu. Maraba ilizaliwa wakati magazeti, wafadhili na wanunuzi walikuwa wanaandika kila hatua. Mibirizi ilizaliwa kwenye shajara ya mkono, kwa Kifaransa, na kwenye vinywa vya watu.

Nilimtembelea bibi mmoja jirani, mama wa rika la mama yangu, tukakaa nje ya nyumba yake ambako mibuni michache imebaki nyuma ya migomba. Nilimuuliza anajua nini kuhusu kahawa ya mwanzo.

"Mwalimu, ile ya mapadri sikuikuta," alisema. "Niliyoikuta ni ya chifu. Alikuwa anakuja mtu kuhesabu miti. Kila rugo, kila kaya, na idadi yake."

"Na usipofikisha?"

"Baba alichapwa kiboko. Hakuwa amekosa kupanda. Majani yalikuwa yameota chini ya miti, hakuwa ameweka matandazo."

"Mwaka gani huo, bibi?"

"Kabla ya Ruzagayura. Nilikuwa nabeba maji ya kibuyu kidogo."

Ruzagayura ni njaa kuu ya 1943 hadi 1944. Huku kwetu njaa zina majina, na wazee huhesabu umri kwa majina hayo: Rumanura wakati wa vita ya kwanza, Rwakayihura 1928 hadi 1929, kisha Ruzagayura. Bibi alinipa tarehe sahihi kuliko mfuko wa kahawa. Na aliyoyasema yanaoana na yaliyoandikwa na wasomi: Wabelgiji waliifanya kahawa kuwa zao la lazima katika miaka ya 1930, wakitumia machifu na manaibu wao kusimamia. Yaani kile ambacho mapadri walikipanda uani kwao, serikali ilikigeuza kuwa amri kwenye kila rugo. Makala inayosema "kahawa ikaenea kwa wakulima" na kuishia hapo imeficha kiboko ndani ya neno moja jepesi. Hapo mhakiki lazima aandike: ilienea vipi, kwa hiari ya nani?

Ila maneno ya bibi sikuweza kuyaweka kwenye makala. Kanuni inakataza utafiti wa mwandishi mwenyewe; kinachotakiwa ni chanzo kilichochapishwa. Naielewa sababu yake, maana bila kanuni hiyo kila mtu angemtaja bibi yake. Lakini naona pia inavyotuumiza sisi tulioandikwa kidogo. Mwaka 2011 palifanyika mradi, ukiongozwa na Mhindi Achal Prabhala, wa kurekodi watu wa India na Afrika Kusini wakieleza mambo wanayoyajua, vyakula, michezo, ibada, kisha kutumia sauti hizo kama vyanzo. Ulizua mjadala mkali, na sauti hazikukubaliwa kuwa chanzo cha kawaida. Mimi naona walioukataa waliogopa upande mmoja tu wa hatari. Uzushi unaweza kupita mdomoni, kweli, lakini umepita pia kwenye karatasi za wakoloni, na hizo tunazitaja bila kutetemeka.

Kuna njia ya kati, na Kinyaga imeshaipitia. Catharine Newbury, msomi wa Marekani, aliwahoji wazee wa huku, akalinganisha maneno yao wao kwa wao na nyaraka, na mwaka 1988 akachapisha The Cohesion of Oppression, kitabu kuhusu Kinyaga kati ya 1860 na 1960. Wazee waliozungumza naye sasa wanatajika. Sauti yao imepita kwenye ungo wa mtu aliyewauliza wengi, akachapa, akakubali kupingwa. Ninapohakiki makala yoyote ya Rusizi, swali langu la mapema ni kama mwandishi amekifungua kitabu hicho. Asipokuwa amekifungua, namwomba arudi.

Na lipo jambo ambalo makala ya Mibirizi ikilikosa haiwezi kupita mikononi mwangu, hata kama kila tanbihi imekaa sawa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wengi walikimbilia parokia ya Mibirizi wakitumaini kwamba kanisa litawalinda. Walishambuliwa na kuuawa hapo. Kigezo cha kugusa mambo yote makuu kina maana hasa mahali kama hapa. Nimeona maandishi yanayozungumzia misheni, hospitali, shule na kahawa, kisha yakarukia utalii wa Ziwa Kivu, kama kwamba mwaka ule haukuwepo. Hayo si makala, ni tangazo. Na mwandishi akiiweka habari hiyo, hapo ndipo uhakiki unapotakiwa kuwa mkali kuliko mahali pengine popote: idadi itoke kwenye chanzo imara, tarehe zilingane, asitajwe mtu kwa kosa ambalo mahakama haikulitamka, na maneno ya kupunguza makali yasipite. Waliokufa wana jamaa, na jamaa hao wanasoma.

Kuhusu lugha yetu, Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mmoja wa waliopigania ikue mapema ni Ndesanjo Macha, Mtanzania, yule aliyeanzisha pia blogu ya Jikomboe. Mwaka 2009 hadi 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, lenye zawadi za kompyuta na simu, na makala zikamiminika. Baadhi zilikuwa nzuri. Nyingine zilitafsiriwa na mashine zikaachwa zilivyo, na zawadi zilipokwisha waandishi wengi hawakuonekana tena. Waliobaki, wachache, walikaa miaka wakirekebisha. Hatari ya makala kumiminika bila wa kuzisoma ilionekana wazi kwingine mwaka 2020, ilipobainika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti imeandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, maelfu kwa maelfu ya makala, na kwa miaka hapakuwa na wasomaji wa kutosha wa kumwambia aache. Lugha nzima ilivishwa nguo isiyo yake, hadharani.

Makala zetu nyingi bado zina ile alama ya chini inayosema kwamba ni mbegu, na inayomwalika msomaji aongeze habari. Ukurasa wa mwanzo una makala ya wiki. Lakini hatuna foleni ya wahakiki kama ile ya Kiingereza, ambako makala ya kahawa ya kijiji kimoja inaweza kuwapata wasomaji wakali wanne au watano. Huku mhariri anaandika, mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, anapitisha jicho kama ana nafasi, basi. Ndiyo maana ile sentensi ya 1904 inaingia Kiswahili ikiwa imetafsiriwa tu, na makosa yake yote ndani.

Wanaoonja kahawa wana jambo la kutufundisha, na jambo la kutuepusha. Rwanda ilipokuwa nchi ya kwanza Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, mwaka 2008, waamuzi waliwekewa vikombe vyenye namba. Hawakujua kahawa ni ya nani, ya mlima gani. Waliivuta kinywani, wakapima utamu, ukali, usafi, wakatafuta ile kasoro ya ladha ya kiazi inayozisumbua kahawa za ukanda wetu, wakaandika alama. Wakulima wadogo walipata bei ambazo hawakuwahi kuzisikia. Kutojua mwenye kikombe kuliwalinda. Uhakiki wa makala unafanya kinyume: kila neno lina jina la aliyeliandika na saa aliyoliandika, kila pingamizi linabaki kwenye historia ya ukurasa, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kusoma nani alisema nini na kwa nini. Waonjaji hulindwa na giza. Sisi tunalindwa na mwanga, na mwanga unahitaji watu wa kutazama.

Makala ya mwisho niliyoipitia ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo, kuhusu misheni hii. Aliandika ile sentensi yetu katika aya ya pili. Nilimwekea hoja tatu kwenye ukurasa wa majadiliano: mwaka, wamisionari, chanzo. Hakukasirika. Alirudi na sentensi ndefu kidogo, isiyo na mvuto wa ile ya kwanza, inayosema kwamba misheni ilifunguliwa na Mapadri Weupe Desemba 1903. Kwamba waandishi mbalimbali wanaiweka kahawa ya kwanza ya hapo kati ya 1903 na 1905. Na kwamba aina iliyopewa jina la Mibirizi inaelezwa na wataalamu wa mbegu kuwa ilitoka Guatemala mwaka 1910. Kila kipande kilikuwa na tanbihi yake. Niliandika: naunga mkono.

Sasa ombi langu. Kama wewe ni wa Rusizi, na nyumbani kuna stakabadhi za zamani za mauzo ya kahawa, picha yenye tarehe nyuma, jarida la parokia, kitabu cha chama cha ushirika, usivitumie kuwashia moto. Peleka nakala kwenye maktaba, au kwa mwalimu wa historia, au kwa yeyote anayeweza kuvichapisha vikatajika. Kama una mzazi anayekumbuka kuhesabiwa kwa miti, mrekodi sasa, taja jina la njaa au la chifu ili tarehe ipatikane, na mtafute msomi wa kuyachapa. Na kama unakisoma Kiswahili vizuri, fungua makala moja ya mahali unapopajua, isome hadi mwisho, na pale usipoona chanzo, bofya majadiliano uulize: umelipata wapi hili? Huhitaji cheo wala ruhusa ya mtu.